Shangazi, damu yangu imesoma 94, wanataka kunitoa ovari zote

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usilitoe maana wifi yangu anakusoma kila wiki, na hii habari kwa sasa naijua mimi, dokta na sasa wewe.

Mimi nina miaka 33, naishi Morogoro, nina duka dogo la vitenge. Ndoa yangu inaingia mwaka wa nne. Mme wangu ni dereva wa malori, anapeleka mizigo Lubumbashi, safari moja inaweza kula mwezi mzima foleni ikiwa mbaya pale Tunduma au Kasumbalesa. Mtoto hatujapata. Mwaka juzi nilishika mimba ikatoka ina wiki nane, toka hapo kimya.

Sasa mwezi uliopita nilianza kusikia kitu kizito chini ya tumbo upande wa kushoto, nikiinama kufunga kiatu nakisikia, nikilala na mme wangu naumia mpaka nasingizia usingizi. Nikaenda hospitali moja binafsi hapa mjini wakanipiga utrasaundi. Karatasi ninayo hapa, nakuandikia kama ilivyo: sisti moja ovari ya kushoto sm 6.2 kwa 5.8, chumba kimoja, ndani majimaji mazito kama mawingu, hamna sehemu ngumu, hamna maji tumboni, ovari ya kulia iko sawa. Dokta akasema twende tukatoe damu tupime kipimo cha kansa kinaitwa CA-125. Nilikua siku ya pili ya hedhi, nikamuuliza mtoa damu kama haina shida akasema damu ni damu. Majibu yakaja 94, pembeni wameandika kawaida ni chini ya 35 na kimshale kinaangalia juu.

Shangazi dokta alivyoiona ile 94 alibadilika hata sura. Akasema hapa tusicheze, tutoe ovari zote mbili na kizazi, niende na pesa wiki ijayo. Mazungumzo hayakufika dakika kumi. Mimi pale nilikua namuangalia tu mdomo unavyotembea. Nilirudi dukani nikafunga mlango nikalia, alafu usiku nikaanza kusoma mtandaoni, nikalala najua nina kansa ya stejii ya tatu.

Kinachoniua zaidi ni mama yangu. Mama alifariki 2009, tumbo lilijaa maji likawa kama mimba ya miezi tisa, akaisha miguu na mikono. Nyumbani wengine walisema ini, wengine walisema karogwa. Mimi sahivi najiambia ilikua kansa ya ovari na mimi nimeirithi, na mdogo wangu wa miaka 19 nae anayo. Nataka nimpeleke nae akapime hiyo CA-125 tujue moja.

Mme wangu sijamwambia. Yuko njiani na nikimwambia wananitoa kizazi ataendeshaje lile gari? Mama yake ashaanza maneno kwamba mtoto wake anatunza mti usiozaa. Nikitolewa vyote si ndo anaoa mwingine. Wifi yangu, huyo anaekusoma, nilimwambia tu nina uvimbe basi, kipimo cha damu sikumtajia. Yeye anauza dawa za asili, kaniletea chupa tatu za kuyeyusha uvimbe, kanionyesha na picha za wanawake waliotoka mauvimbe wakiwa chooni. Anasema mwezi mmoja tu, na hazina madhara maana ni mizizi. Sijazinywa bado, ziko kabatini nazitazama.

Kitu kingine sijui kama kina maana, tumbo la hedhi limenitesa tangu form two. Bweni zima walikua wananijua, kila mwezi nachomwa sindano ya maumivu, matron alikua anasema nikizaa litaisha.

Shangazi siku zinaenda. Nikubali kutolewa vyote nibaki hai bila mtoto, au ninywe dawa za wifi nijaribu bahati yangu? Nisaidie, sina hata wa kumuuliza.

Wako, mwenye chupa kabatini.

*

Marahaba mwanangu. Pole, pole sana. Na asante kwa kuniandikia ile karatasi neno kwa neno, maana umenipa kitu cha kuongelea kuliko ungeniambia tu nina uvimbe. Nimefanya kazi wodi ya wanawake miaka mingi kabla sijakaa kwenye hii safu, nimewashika mikono wengi walioingia na hofu kama yako, kwa hiyo ntakujibu kwa kirefu, unisome taratibu, ukichoka pumzika urudi.

Kwanza nirudie nilichosikia uone kama nimekuelewa. Una uvimbe kwenye ovari ya kushoto, umeonekana kwa picha, huo ni wa kweli. Una namba ya damu imepanda. Una mama aliyefariki kwa ugonjwa ambao hakuna aliyekupa jina lake kamili. Na una watu watatu wanaokuvuta, dokta anavuta huku, wifi kule, mama mkwe nae yupo kati na maneno yake, alafu mtu mmoja ambae hilo tumbo linamhusu karibu sawa na wewe, mme wako, hajui chochote. Ukaniuliza nichague njia moja kati ya mbili. Mimi naona njia ziko zaidi ya mbili, ndo maana sitaki kukuchagulia kabla hatujaziona zote.

Tuanze na hiyo 94, maana ndo imekunyima usingizi.

CA-125 ni protini. Haitengenezwi na kansa peke yake, inatengenezwa na ngozi laini zinazofunika tumbo kwa ndani, na mirija, na utando wa ndani wa kizazi, hata utando wa mapafu. Hiyo 125 ni namba tu ya maabara, wala sio kiwango cha kufikia, nakuambia maana wengi wanadhani wakifika 125 ndo wamepata kansa. Kipimo kilitoka Marekani, kwa Robert Bast na wenzake, na ile 35 unayoiona kwenye karatasi yako ilitokana na kazi yao ya mwaka 1983. Walipima watu wazima wenye afya, kama mmoja katika 100 akavuka 35. Wakapima wanawake wenye kansa ya ovari iliyothibitishwa kwa upasuaji, 82 katika 100 wakavuka. Ndo maana kipimo kilipata heshima. Ila angalia swali walilouliza. Waliwalinganisha wazima na wagonjwa waliokwisha kujulikana. Wewe haupo kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. Wewe ni mwanamke wa miaka 33, anayeona hedhi, mwenye uvimbe ambao bado haujajulikana ni nini, na kwa mwanamke kama wewe vitu vinavyopandisha hiyo namba ni vingi sana.

Hedhi yenyewe inapandisha. Mtoa damu alikuambia damu ni damu, lakini kwa hiki kipimo siku ya mwezi ina maana. Mimba changa inapandisha pia, kwa hiyo swali la kwanza kabisa, ulipimwa mimba siku ile? Usiseme niliona hedhi, wapo wanaotoka damu na mimba ipo, hata iliyotunga nje ya kizazi. Fibroidi, ule uvimbe wa nyama ya kizazi, inapandisha. Maambukizi ya mirija yanapandisha. Ini lililoharibika, moyo ulioshindwa kusukuma damu, operesheni ya tumbo ya karibuni, vyote hivyo. Na TB ya tumbo, hii huku kwetu tusiisahau kabisa, inaweza kuipeleka namba kwenye mamia, na tumbo likajaa maji, na picha ikafanana na kansa ya ovari mpaka mgonjwa anafunguliwa tumbo ndo inakutwa TB, inayotibiwa kwa vidonge.

Alafu kuna ile sentensi uliyoiweka mwisho kabisa ukasema hujui kama ina maana. Mwanangu mimi ndo niliisimamia hapo. Tumbo la hedhi tangu form two, mpaka sindano kila mwezi. Maumivu ukilala na mme wako. Miaka minne mtoto hajashika vizuri. Sisti yenye majimaji mazito kama mawingu, chumba kimoja. Hivyo vitu vinne vikikaa pamoja, daktari bingwa wa wanawake anatakiwa ajiulize kuhusu endometriosisi. Huo ni ugonjwa ambao utando unaofanana na wa ndani ya kizazi unaota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, popote pale tumboni, na kila mwezi nao unavuja kama kizazi kinavyovuja, damu haina pa kutokea. Kwenye ovari inajikusanya, inazeeka, inakua nzito rangi ya kahawia, ndo madaktari wengine wanaita sisti ya chokoleti. Na endometriosisi inapandisha CA-125 mara nyingi sana, kufika makumi au kuvuka 100 ni jambo la kawaida kwake. Sisemi ndo unayo. Siwezi kusema hivyo kwa barua na yeyote anayekuambia kwa barua umkimbie. Ila nasikitika kwamba uliteseka miaka karibu 18 unaambiwa ukizaa litaisha, na hata siku ya kupimwa hakuna aliyekuuliza ilianza lini.

Kuna hesabu madaktari wanaitumia tangu mwaka 1990, ilitoka Uingereza. Nakufundisha kwa sababu karatasi unayo mkononi. Wanaangalia vitu vitano kwenye picha: uvimbe wenye vyumba vingi, sehemu ngumu ndani yake, uvimbe pande zote mbili, maji tumboni, na dalili za kusambaa. Kama hamna hata kimoja wanaandika 0, kimoja wanaandika 1, viwili au zaidi wanaandika 3. Alafu hedhi, kama bado ipo ni 1, kama imekoma ni 3. Wanazidisha hizo mbili kwa namba ya CA-125, ikivuka 200, wengine wanatumia 250, mgonjwa anapelekwa kwa wapasuaji wa kansa. Sasa chukua 94 yako. Kwa picha uliyoniandikia hamna hata kimoja, kwa hiyo ni 0 mara 1 mara 94, jibu ni 0. Hata mtu akisema ameona kitu kimoja, ni 94. Ila mama wa miaka 60, hedhi imekoma, uvimbe una vyumba vingi na maji tumboni, akiwa na 94 hiyo hiyo, ni 3 mara 3 mara 94, ni 846, na huyo hatakiwi kukaa nyumbani hata wiki. Namba ile ile. Umeona kwa nini nasema 94 peke yake haijakuambia kitu bado?

Lakini nisikudanganye kwa upande wa pili pia, maana nawafahamu wanawake waliosikia namba sio lazima iwe kansa wakafurahi, wakapotea mwaka mzima. Ile 0 inategemea jicho la aliyeshika mashine siku ile. Na namba ikiwa ndogo nayo sio cheti cha uzima. Kansa ya ovari ikiwa bado changa kabisa, karibu nusu ya wagonjwa CA-125 haijapanda. Kansa za ovari za aina inayotoa utelezi mara nyingi hazipandishi sana hii, zinashika viashiria vingine kama CEA na CA 19-9. Na kwa wadada chini ya miaka 40 wenye uvimbe usioeleweka, kuna kansa za mbegu za mayai ambazo CA-125 sio kipimo chake, zinatafutwa kwa vipimo vingine vya damu, AFP, LDH na hCG. Hivyo vitatu sijaviona kwenye barua yako. Nilimhudumia mama mmoja, CA-125 yake ilikua 28, ndugu wakasherehekea, na tumbo lilikua linakua kila mwezi. Lilipofunguliwa ilikua kansa. Sitaki wewe uwe yule, na sitaki uwe yule mwingine ambae alitolewa ovari mbili nzima kwa sababu ya karatasi, wote nimewabeba moyoni mpaka leo.

Sasa tuje kwenye njia zako, na kila moja ina gharama yake.

Kutolewa vyote wiki ijayo. Faida yake ni kwamba kama ni kansa umeondoa kilichoonekana. Hasara yake, kama sio kansa, umepoteza mayai yote na kizazi kwa ugonjwa usiohitaji hivyo, na unaingia ukomo wa hedhi kwa siku moja ukiwa na miaka 33, joto la usiku, ukavu, mifupa inaanza kupungua nguvu, moyo nao unapoteza kinga yake, utahitaji homoni kwa miaka mingi. Na hata kama ni kansa bado kuna swali, kwa sababu kansa ya ovari inatakiwa kupasuliwa na mtu aliyejifunza kupasua kansa, uvimbe utoke mzima bila kupasukia tumboni na sehemu nyingine zikaguliwe. Tena kwa mdada anayetaka mtoto, kansa iliyo upande mmoja tu na bado changa, wapo wanaotolewa ovari moja na kuachiwa nyingine na kizazi. Kwa hiyo hata kwenye hali mbaya unayoiogopa, kutoa ovari zote mbili na kizazi sio lazima liwe jibu la kwanza. Sisemi dokta wako ana nia mbaya, huenda aliogopa kweli kwa ajili yako. Ila dakika kumi kwa jambo kama hili ni chache, na kuomba daktari wa pili aangalie sio kumkosea adabu.

Kurudia vipimo. Unasubiri hedhi iishe kabisa, unarudia CA-125 kwenye maabara ile ile, maana mashine tofauti zinatoa namba tofauti na utashindwa kulinganisha. Utrasaundi ya kupitia ukeni na mtu mzoefu, na wakiona haja, MRI. Hatari ya hapa ni mbili, pesa, na kuzoea kusubiri. Subira iwe na tarehe. Sisti za damu za kawaida za kila mwezi mara nyingi zinaondoka zenyewe ndani ya wiki 6 mpaka 12, ndo maana daktari anaweza kukuambia rudi baada ya hapo. Isipoondoka, au ikikua, au namba ikawa inapanda kila ukirudia, hiyo nayo ni habari. Na hata kama ni endometriosisi tusiibeze, inaongeza hatari ya kansa ya ovari, kidogo lakini inaongeza, kwa hiyo kufuatiliwa kupo pale pale.

Kutoa sisti tu na kuacha ovari. Hii hakuna aliyekutajia. Inawezekana, sehemu nyingine wanafanya kwa matundu madogo. Ila ujue kama ni sisti ya chokoleti, kuikwangua kunaondoka na baadhi ya mayai, na inaweza kurudi. Kwa mtu anayetafuta mtoto hilo linajadiliwa kwanza na bingwa, sio mezani ukiwa umelala. Atakayekuambia anaivuta maji kwa sindano muulize mara mbili, uvimbe ambao haujajulikana ukitobolewa, kama kuna seli mbaya zinamwagika tumboni.

Njia yoyote ya kisu, mambo mawili. Ile fomu ya ridhaa isome mwenyewe kabla hujasaini, imeandikwa wanatoa nini hasa, kama kuna maneno ya wazi kwamba watatoa chochote watakachoona, uliza maana yake na mwambie dokta wazi kwamba unataka mtoto na aliandike. Na kilichotolewa kiende kupimwa nyama, usikubali kuambiwa kimetupwa. Jina la ugonjwa wako litatoka hapo, damu haiwezi kulitoa.

Na uko Morogoro, una bahati ya kukaa katikati, SGR inakufikisha Dodoma kwenye Benjamin Mkapa au Dar kwenye Muhimbili siku hiyo hiyo. Uliza kliniki ya magonjwa ya wanawake. Beba picha na majibu yote, sio karatasi ya maelezo tu.

Chupa za wifi. Mwanangu najua kwa nini unazitazama. Ni kwa sababu zinakuambia kitu ambacho mwili wako unataka kusikia, kwamba hutapasuliwa na utazaa. Sitamsema vibaya wifi yako, huenda anaamini. Ila fikiria hili: ovari imening'inia ndani ya tumbo, sio ndani ya kizazi, kitu kilichopo kwenye ovari hakina njia ya kutoka na kudondoka chooni. Zile picha ni za vitu vingine, damu iliyoganda, nyama za ukuta wa uke uliounguzwa na dawa, hata mimba iliyotoka. Na wale waliopona kweli? Wengi walikua na sisti za mwezi ambazo zingeondoka zenyewe ndani ya mda ule ule, chupa ikapata sifa. Kusema ni mizizi hazina madhara sio kweli, ini na figo zinachuja mizizi kama zinavyochuja vidonge. Na kwa uvimbe wa aina mbaya, ule mwezi mmoja ndo hasara yenyewe. Ukiamua kunywa ni mwili wako, ila nakuomba usizinywe kabla ya kurudia kipimo, na daktari umwambie.

Mama yako. Hapa naomba tuende polepole kwa sababu naona umemzika mara ya pili kwa jina jipya. Tumbo kujaa maji linaweza kua kansa ya ovari kweli. Linaweza kua ini. Linaweza kua TB, au moyo. Haujui, na umeshajihukumu wewe na mdogo wako. Je kuna mama mdogo au mjomba aliyekua anamuuguza? Waulize alitolewa maji mara ngapi, alipimwa wapi, macho yalikua ya njano, kulikua na kadi ya hospitali, na kwenye ukoo wa mama kuna waliougua titi au ovari wakiwa bado vijana. Kansa ya ovari nyingine inarithiwa kweli, kupitia jeni zinazoitwa BRCA ambazo zinaleta ya titi pia, kwa hiyo majibu ya hao wazee yana uzito kwa daktari wako kuliko unavyodhani.

Mdogo wako mimi nisingekimbilia kumpeleka. Uingereza walichukua wanawake zaidi ya 200,000 wa miaka 50 mpaka 74 wasio na dalili, kuanzia 2001, kundi moja likawa linapimwa CA-125 kila mwaka. Majibu ya mwisho yalitoka 2021, vifo vya kansa ya ovari havikupungua. Marekani walishafanya utafiti kama huo, majibu yakatoka 2011, nao vifo havikupungua, na zaidi ya wanawake 1,000 walipasuliwa bila kua na kansa, wengine wakapata madhara ya kisu. Sasa binti wa miaka 19 asiye na dalili, anayeona hedhi kila mwezi, kipimo kitampa nini zaidi ya usiku kama wako? Yeye mwambie ajue dalili: tumbo kujaa na lisipungue, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara, maumivu ya chini yasiyoisha kwa wiki kadhaa. Na kama nae hedhi inamlaza, hilo asilinyamazie kama wewe ulivyonyamazishwa.

Nimebakiza mme wako. Umesema atashindwa kuendesha gari, na umesema ataoa mwingine. Hayo aliyasema yeye, au unamsikia mama yake kwa mdomo wake? Nauliza kweli, wewe ndo unamjua. Ipo sababu ya kusubiri arudi, habari kama hii kwa simu akiwa foleni ya Kasumbalesa ni nzito. Ipo pia hatari ya kusubiri, arudi akute umepasuliwa, au akute umeficha, na wanaume wengine kufichwa ndo kunawauma kuliko ugonjwa. Pengine pa kuanzia sio kizazi, pengine ni kumwambia nina uvimbe, naumia tukilala, ndo maana nilikua nasingizia usingizi, na nataka twende wote kliniki ukirudi. Na huko kliniki yeye nae apime mbegu. Miaka minne nyumba nzima inaangalia tumbo lako, sijasoma popote kwenye barua kwamba yeye ameshapimwa.

Kitu kimoja hakisubiri kliniki wala mme: maumivu makali ya ghafla upande huo, na kutapika, au kuzimia, au tumbo kukaza. Sisti ya sm 6 inaweza kujisokota pamoja na ovari yake au kupasuka. Hapo ni hospitali ya karibu usiku huo huo, hata ile ile usiyoipenda, na mwachie jirani unayemwamini namba ya mme wako.

Ukirudia kipimo, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho pale juu ya karatasi kabla hawajakutoa damu. Yakija, yawe chini au juu, niandikie tuyasome wote.